Vidonge Nilivyomgawia Dada Yangu

Dada yangu aliniomba vidonge vya binti yangu, nami nikampa. Lilikuwa jambo dogo hivyo. Alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani kwangu, Kilwa Masoko, goti lake la kushoto limevimba kama dafu, akanyoosha mkono. Nikainuka, nikaingia chumbani, nikatoka na chupa. Hakuna aliyenisukuma. Nilikuwa nimekwisha kuelezwa na daktari, kwa Kiswahili, uso kwa uso, kwa nini nisifanye kile nilichokuwa nikikifanya. Nimesoma hadi kidato cha nne. Nayasema haya kwa sababu watu wangu hupenda kunitetea: "Mzee wa watu hakujua." Nilijua. Wakome kunitetea.

Binti yangu alipata baridi yabisi akiwa kijana, ndoa yake haijazeeka. Ilianzia vidoleni. Akiamka asubuhi vidole vimekakamaa, kikombe cha chai hawezi kukishika mpaka jua lipande. Kwenye zahanati walimpa dawa za maumivu na kumwambia apunguze kazi ya maji. Kazi yake ilikuwa mwani. Watu wasioijua hudhani ni kazi ya nguvu, kumbe ni kazi ya vidole. Unakaa na rundo la mbegu, unafunga kitawi kimoja kimoja kwenye kamba, kwa fundo ambalo halitalegea kwenye mawimbi lakini litakubali kufunguka siku ya kuvuna. Kisha unasubiri maji yatoke ufukweni, unazipeleka kamba na kuzifunga kwenye vigingi. Binti yangu alifunga haraka kuliko wote katika kikundi chao. Wenzake walimtania kuwa vidole vile vimekosea nyumba, vilitakiwa viende kwenye kinanda cha taarabu.

Mumewe alivumilia kidogo, kisha akamrudisha kwangu pamoja na sanduku lake la nguo. Aliniambia hawezi kuishi na mke wa kupikiwa. Huyo simwandiki zaidi ya hapa.

Mama yake alikuwa amekwisha kufariki, kwa hiyo tukabaki wawili. Tulihangaika. Kwetu, mtu akiumwa viungo, huchimbwa mizizi na kuchemshwa chungu kizima, na chungu hicho hanywi mgonjwa peke yake. Wote wenye maumivu nyumbani hunywa, na jirani akipita akasema mgongo unamsumbua, naye humiminiwa. Kumnyima mtu dawa ni roho mbaya, na mwenye roho mbaya hachelewi kuitwa mchawi. Dada yangu ndiye aliyetuletea mizizi kutoka Kiswere, anakoishi. Tulikunywa sote, mimi kwa ajili ya kiuno changu. Haikumsaidia binti yangu kitu, lakini haikumdhuru mtu. Ndivyo nilivyozoea kufikiri kuhusu dawa: chungu kimoja, midomo yote.

Hatimaye nikampeleka Dar es Salaam kwa bingwa wa viungo, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. Aliishika mikono ya binti yangu, akakibonyeza kila kifundo, kimoja baada ya kingine, bila haraka. Tangu ugonjwa uanze, hakuna tabibu aliyekuwa amemgusa mikono. Wote walimtazama kutoka ng'ambo ya meza.

"Mzee," akaniambia, "mwili wa huyu mtoto unajipiga wenyewe. Askari wake wanaona viungo vyake ni adui."

Nikamuuliza ni nani aliyewapa askari amri ya kipumbavu namna hiyo. Akacheka, akavuta karatasi akachora duara. Akasema hiyo ni chembe nyeupe ya damu. Kwenye ngozi ya chembe kuna mlango ambapo ujumbe hugonga, na kwa ndani, nyuma ya mlango, kuna kimeng'enya kinachoupokea na kuupeleka ndani mpaka kwenye kiini, ambako ndiko amri ya kupigana hutolewa. Mimi vimeng'enya nilivijua vya shuleni, vya mate na tumbo, vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Sikujua kuwa vingine kazi yao ni utarishi.

"Sawasawa," akasema daktari. "Ni tarishi. Na kuna vidonge vinavyokwenda kukaa pale pale anaposhikia mzigo wake. Anabaki mikono mitupu, barua haifiki, askari hawaamki."

Kisha akaiweka kalamu chini na kunitazama mimi, si binti yangu. Maneno hayo ninayo mpaka leo. Alisema tarishi huyu hana macho ya kuchagua. Barua za vita vya uongo hazitafika, na baadhi ya barua za vita vya kweli nazo hazitafika. Kifua kikuu, akasema, kinaweza kulala ndani ya mtu miaka mingi bila kumsumbua, kwa sababu askari wanakilinda kwa zamu. Ukiwalaza askari, kinaamka. Ndiyo maana kabla ya kidonge cha kwanza atampima binti yangu kifua na damu, na ndiyo maana dawa hii haigawiwi.

"Hata kwa ndugu," akasema. "Najua mambo yetu ya nyumbani, mzee. Hata kwa ndugu."

Nikaitikia, "Nimekuelewa, daktari." Kweli nilikuwa nimemwelewa.

Vipimo vilitoka safi. Akaanza dawa: kidonge asubuhi, kidonge jioni. Baada ya hapo vidonge vikawa vinatumwa kwa basi, navipokea pale njiapanda ya Nangurukuru, katikati ya wauza mihogo na makondakta wanaogombea abiria. Hilo nalo hunikasirisha nikilifikiria. Dawa ya namna ile inasafiri chini ya kiti pamoja na matenga ya nyanya, na ukikosea siku ya basi, mtoto wako anakosa dawa. Bima yetu haikuigusa. Mikorosho yangu ndiyo iliyoibeba. Lakini sitajificha nyuma ya shida hizo, kwa sababu siku ninayoieleza dawa ilikuwapo, imejaa chupani.

Chupa ile ilikuwa na kifuniko cha kubonyeza na kuzungusha kwa pamoja. Binti yangu hakuweza kukifungua, kwa hiyo nikawa mfunguaji. Nilimpa kidonge mkononi na maji. Haukupita muda mrefu, akaanza kushika kikombe mapema, kabla ya jua. Akaanza kufua. Siku moja nimetoka msikitini nikamkuta amekaa uani na rundo la mbegu za mwani na kamba mapajani, anafunga. Polepole, lakini anafunga. Nilipita nikaingia ndani nikakaa kitandani, kwa sababu sikutaka anione uso.

Akarudi kikundini. Akagawiwa tena eneo lake la vigingi. Na siku moja aliichukua chupa mkononi mwangu akaifungua mwenyewe, akacheka. Ilinipasa kumwachia chupa siku ile. Alikuwa mtu mzima, mikono imepona, dawa ni yake. Sikumwachia. Niliirudisha chumbani kwangu, kwenye sanduku, kwa sababu nilikuwa nimezoea kuwa mimi ndiye ninayetoa. Ubaba una tamu yake, na tamu hiyo mimi niliilamba hata wakati haikuhitajika. Kama chupa ingekuwa kwake, dada yangu angemwomba yeye, na yeye angekataa. Najua angekataa kwa sababu siku ile alijaribu.

Dada yangu ni mkubwa kwangu kwa mbali. Mama yetu alipofariki mimi nilikuwa bado natambaa, na yeye ndiye aliyenibeba mgongoni, akanipikia uji, akanipeleka shule akinivuta sikio. Kwetu shangazi ni baba wa kike. Akija, mtoto wa kaka yake hakai kwenye kiti, na kaka mwenyewe hapandishi sauti. Siku ile alishuka kwenye bodaboda akichechemea, mkono begani kwa dereva.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona umenenepa hivyo? Mwani siku hizi mnaula?"

Tukamkalisha. Binti yangu akaleta chai, akakaa pembeni akiendelea kufunga mbegu zake. Shangazi yake akamtazama vidole kwa muda.

"Kumbe ni kweli," akasema. "Watu Kiswere wananiambia mtoto wa kaka yako kapona, mimi nasema uongo. Goti langu hili lina miezi, halikunjiki, naswali kwenye kiti kama mgeni rasmi. Na ninyi dawa mnayo humu ndani, mmeifungia kama pete za harusi."

"Ni ya mtoto, dada," nikasema. "Daktari kasema si ya kugawa."

"Daktari huyo ana dada?"

"Sijui."

"Basi kamuulize kwanza. Mimi nilipokuwa nakutafunia muhogo nakutia kinywani, nilimuuliza daktari?"

Binti yangu akasema, kwa adabu, bila kuinua macho kwenye kamba, "Shangazi, dawa hii inalaza askari wa mwili. Mimi kabla sijaanza nilipimwa kifua. Twende nawe ukapimwe, nitakusindikiza."

"Askari wa mwili wangu wamestaafu zamani, mwanangu. Wanangojea kiinua mgongo tu."

Nikacheka. Binti yangu hakucheka. Aliinua macho akanitazama mimi, akanitazama hasa, anangoja baba yake aseme. Mimi nilikuwa nacheka. Kicheko hicho kinanikera kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya. Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa mchoma chokaa, na alikufa akikohoa, mwembamba kama ukuti. Tulisema ni moshi wa tanuri. Wote tulisema hivyo na hakuna aliyepimwa, kwa sababu jina la ule ugonjwa mwingine ni aibu kwenye mji wa watu. Dada yangu alilala chumba kimoja naye mpaka siku ya mwisho. Nililikumbuka hilo pale pale barazani. Halikunijia baadaye, lilinijia pale pale, nami nikalifunika kwa kicheko nikaenda kuleta chupa.

Nilimmiminia vidonge kwenye karatasi, akavifunga kwenye pindo la kanga.

Goti lilishuka. Hilo ndilo lililotumaliza. Alinipigia simu akasema ameswali amesimama, kila mtu Kiswere anamshangaa. Alisema Mungu anilipe. Kisha akasema vimebaki vichache. Na mimi, niliyekwisha kuanza, sikujua tena pa kukatalia, nikamtumia vingine. Kukataa mara ya kwanza ni kugumu, lakini mara ya pili unakataa huku umeshakubali, na mimi si hodari wa hayo. Vidonge vya chupa havizai. Ili vimtoshe dada, ilibidi vipungue kwa mtoto. Nikamwambia binti yangu kuwa daktari amepiga simu, amesema kwa vile umeendelea vizuri sasa meza kimoja tu kwa siku.

"Kasema hivyo kweli, baba?"

"Kasema."

Akameza kimoja. Mpaka leo nashangaa ni kwa wepesi gani uongo ule ulinitoka. Mtu anayejua kudanganya hujiandaa. Mimi sikujiandaa, ulitoka wenyewe, kama salamu.

Baada ya muda nikamwona tena asubuhi akizamisha mikono kwenye sufuria ya maji ya moto kabla ya kufunga. Akasema ni baridi ya kusi tu. Nikamuunga mkono. Nikasema kusi la safari hii ni kali.

Kisha ikaja habari kuwa dada ana homa za jioni, anatoka jasho mpaka godoro linalowa, anakohoa, chakula hakipiti. Watu wa pale wakasema kaangaliwa na jicho la husuda kwa kupona ghafla. Na mimi, kaka mtu, nilifanya nini? Nikamwambia binti yangu aende Kiswere akamuuguze shangazi yake. Ndiyo desturi, mtoto wa kaka ndiye anayekwenda. Hakulalamika. Alilala chumba kimoja naye, akamgeuza, akamfuta makohozi. Mtu ambaye askari wake wamelazwa kwa dawa, nilimpeleka mimi kwenye chumba kile, kwa kauli yangu.

Dada alipoanza kutema damu, tukampeleka hospitali Lindi. Makohozi yakapimwa, maji ya gotini nayo yakapimwa. Kifua kikuu. Tabibu, kijana mpole, akasema goti nalo lilikuwa na ugonjwa ule ule, pengine tangu mwanzo. Akataka waliokuwa chumbani na mgonjwa wote wapimwe. Binti yangu akamwambia vidonge anavyotumia. Yule kijana aliacha kuandika, akaomba namba ya daktari wa Dar es Salaam, akampigia mbele yetu, simu ikiwa na sauti juu ya meza.

Wakasalimiana, wakaongea ya kwao. Kisha daktari akataka kusema na binti yangu.

"Unameza kama tulivyokubaliana, mwanangu? Asubuhi na jioni?"

"Nameza kimoja, daktari. Tangu ulipompigia baba."

Tukasikia gari likipita huko aliko.

"Mimi sijampigia baba," akasema. "Mzee upo hapo?"

"Nipo."

"Nani alibadilisha dozi?"

Dada alikuwa kitandani nyuma ya pazia, akikohoa. Binti yangu alikuwa amegeuka akinitazama, na safari hii hakuwa anangoja niseme kitu. Alikuwa anahesabu mwenyewe, namwona anahesabu: goti la shangazi, kanga, simu, kusi.

"Vingine vilikwenda wapi, mzee?" akauliza daktari. Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha.

"Kwa dada yangu," nikasema.

Binti yangu akatoka nje. Nilimkuta kwenye benchi, mikono mapajani. Nikaanza kusema. Akasema, "Baba, usiseme." Sikuwahi kusikia mtoto wangu akinikataza kusema. Nikakaa kando yake mpaka walipomwita kupigwa picha ya kifua.

Alikuwa nacho. Kilikuwa kimeanza tu, walisema, tumekiwahi. Lakini vidonge vya viungo vilikatazwa siku ile ile. Huwezi kutibu kifua kikuu huku umewalaza askari, na dawa yenyewe ya kifua huivuruga ile nyingine. Ikabidi ameze za kifua kwa miezi, na katika miezi hiyo baridi yabisi ilirudi ikiwa haina wa kuizuia. Walimpa dawa za kutuliza, wakafanya walichoweza. Nilisikia kila kitu kutoka chumba cha pili. Alikuwa analia akivaa nguo. Aliita jirani amfunge kanga, hakuniita mimi.

Dada yangu alipona. Alimaliza dozi yake, akanenepa, goti limebaki gumu lakini anatembea. Alikuja kutuona akakaa pale pale barazani. Aliitazama mikono ya mtoto, akashika tama.

"Ni kudra," akasema. "Tungefanya nini, mdogo wangu? Kila kitu kimeandikwa."

"Dada, usiniletee kudra hapa. Mungu hakufungua ile chupa. Niliifungua mimi, na wewe ukakinga kanga."

"Unaniambia hivyo mimi? Mimi niliyekubeba?"

"Wewe uliyenibeba. Laiti ungenitua mapema."

Akaondoka bila kunywa chai. Watu walinilaumu kwa kumvunjia heshima mkubwa wangu. Walikuja wazee wawili kunisuluhisha, wakanieleza umuhimu wa undugu. Niliwasikiliza. Nilitamani kuwauliza walikuwa wapi na undugu wao alipotakiwa mtu wa kumwambia shemeji yangu akapime kohozi, lakini nilijua na mimi nilikuwa wapi. Hasira yangu kila ninapoitupa kwa mwingine inarudi kwangu, na ni haki irudi. Dada yangu hakuelezwa na daktari, ila mimi nilielezwa. Yeye hakuchorewa duara, mimi nilichorewa, nikasema nimeelewa.

Kifua cha binti yangu kilipopona tulirudi Dar es Salaam. Daktari alimshika mikono kama mara ya kwanza, kifundo kwa kifundo. Alisema ataanza tena dawa, kwa uangalifu, na itatuliza maumivu. Binti yangu akauliza kama vidole vitanyooka.

"Hapana, mwanangu. Dawa inazima moto. Mifupa iliyokwisha kuliwa hairudishi."

Vidonge sasa vinakwenda moja kwa moja kwake. Haishi tena kwangu. Amehamia Mchinga kwa mama yake mdogo, na huyo ndiye anayempokelea vidonge kwenye basi. Sikufokewa wala kutukanwa. Aliniaga kwa adabu zote, akaniambia, "Baba, nitameza vizuri nikiwa peke yangu." Nikienda kumtembelea hunipa shikamoo, hunitilia chai kwa viganja viwili vilivyokunjamana, na akiulizwa habari za afya hujibu watu wote waliomo chumbani isipokuwa mimi.

Vidole vya mkono wake wa kulia vimelala upande, vya kushoto vimekunjika havifunguki. Hawezi kufunga fundo. Eneo lake la mwani limepewa mwanamke mwingine, na hatarudi kwenye kazi ile maisha yake yote. Nilimpa dada yangu vidonge kwa sababu niliona aibu kumwambia hapana, na gharama niliyolipa ni mikono ya binti yangu, na binti yangu mwenyewe.